Boliti Ife, Springi Ipone

Mpwa wangu anachechemea mguu wa kushoto. Akipanda ngazi hutanguliza ule mzima, kisha huuvuta mwenzake. Kila nikimwona naikumbuka boliti moja isiyozidi urefu wa kiganja, ambayo bei yake haifikii kilo moja ya nyama. Niliikosea boliti ile kwa haraka zangu, na deni la kosa langu akalilipa mtoto wa dada yangu.

Sisimulii kisa hiki kwa kupenda. Nakisimulia kwa sababu magari ya zamani bado yapo mengi kwetu, na leo hii, chini ya mwembe fulani, kuna mtu amelala chali uvunguni mwa gari, nyundo mkononi, anapigana na boliti iliyoshikwa na kutu. Huenda mtu huyo ni wewe.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1974. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshachoshwa na shamba la mkonge, akalipa kazi ya samaki: alfajiri Pangani, mchana Muheza. Kwa miaka mingi maji ya barafu yenye chumvi yalichuruzika kutoka sakafu ya nyuma yakidondokea springi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama bati la kawaida, kwa hiyo ukilitazama gari kwa juu lilikuwa na afya. Chini, kwenye chasisi na springi, ambako ni chuma kitupu, chumvi ilikuwa inakula kimyakimya.

Baba alipofariki gari lilikaa miaka miwili chini ya mkungu, masika na vuli vikilipitia. Kisha ikaja harusi ya mdogo wangu. Nikaona heshima kubwa ni bibi harusi kupelekwa kwao mume, Pangani, kwa gari la baba. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nililitoa gari chini ya mti siku ya Jumatano.

Fundi niliyemwendea alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwenye gereji za mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia brashi ya waya ikikwaruza, kisha mdundo mdogo wa nyundo, kisha kimya.

"Mwanangu," alisema alipotoka, "bushi za nyuma zimekufa zote, na boliti zimeshafunga ndoa na bushi. Niachie gari siku nne."

Siku nne, kwa boliti sita! Nilimwambia harusi ni Jumamosi. Akanijibu kwa upole kwamba kutu haijui harusi. Akaketi kwenye tairi kuukuu akaanza kunieleza, nami nikasimama mguu mmoja nje, funguo mkononi. Maneno yake niliyasikia bila kuyasikiliza. Leo nayakumbuka yote.

Alinieleza kwamba kila springi ya nyuma ya gari lile ni mabamba ya chuma yaliyopangwa tabaka. Bamba la juu ndilo kuu, kwa kuwa ncha zake mbili zimekunjwa zikawa masikio. Sikio la mbele limefungwa kwenye chasisi kwa boliti moja, halisogei. Sikio la nyuma limening'inizwa kwa shakeli, yaani vibamba viwili vinavyobembea, vyenye boliti mbili, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobanwa na mzigo. Ndani ya kila sikio, na ndani ya mrija wa chasisi unaoshika shakeli, kuna bushi: mrija wa chuma ndani ya mrija mwingine, na katikati mpira uliogandishwa kwenye mirija yote miwili. Boliti hupita kwenye mrija wa ndani.

"Hapo ndipo penye maradhi," alisema. Maji ya chumvi yakijipenyeza kati ya boliti na mrija ule, hayana pa kutokea. Chuma kinakuwa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inavimba, inajaza kila upenyo, mpaka boliti na mrija vinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana ukiweka spana, boliti inazunguka kidogo kama inatii, na ukiachia inarudi ilipotoka. Si boliti iliyozunguka, ni mpira wa bushi uliojinyonga ukajinyoosha. "Ukiona hivyo, acha nguvu. Boliti imeshakuambia kwamba haitoki. Kilichobaki ni kuikata, na kuikata vizuri kunataka muda."

Nikamshukuru, nikaaga, nikaliburura gari mpaka kwa kijana mmoja mwenye mitungi ya gesi.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa na mikono myepesi na moyo mzuri, na mimi ndiye niliyemwambia nataka kesho. Akaniambia, "Braza, mbona hizi za dakika ishirini tu." Tukaanza na upande wa kushoto.

Kwanza alifungua nati za shakeli, zikatoka kwa taabu. Kisha akaanza kuzigonga boliti kwa nyundo kubwa. Hazikutikisika. Yeye hakujua, nami sikujua, kwamba kwenye shakeli za gari lile kibamba kimoja kina nyuzi zake chenyewe. Boliti hufungwa ndani ya kibamba kwanza, halafu nati huja nyuma kama mlinzi. Ukishatoa nati, boliti bado imefungwa, na inataka kufunguliwa kwa spana. Tuliigonga boliti iliyofungwa mpaka ncha ikachanua kama uyoga na nyuzi zikafa. Baada ya hapo hata mwenye akili asingeweza kuirudisha nyuma.

Akavisha paipu ndefu kwenye spana kuongeza nguvu. Kichwa cha boliti ya kwanza kikakatika kwa mlio mkali, naye akaanguka kwa mgongo. Ndipo akawasha gesi.

Alilichoma sikio la mbele la springi mpaka likawa jekundu kama kaa la mkaa. Mpira ukaungua kwa moshi mweusi mzito uliotukaba koo. Tangi la petroli la gari lile lipo chini ya kiti, hatua chache kutoka pale. Mpaka leo nikikumbuka nashukuru Mungu kwamba tuliondoka pale na ngozi zetu. Boliti ikatoka. Watu waliokusanyika wakashangilia. Kijana akachota maji ndooni akaumwagia ule wekundu ili aweze kuushika, ukalia chwaa, mvuke ukapanda. Nami nikapiga makofi.

Zilibaki boliti mpya. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa jirani, na lilikuwa na boliti za milimita 14. Boliti za Land Rover ile ni za kipimo cha inchi, tisa ya kumi na sita, ambayo ni milimita 14 na robo hivi. Kwa macho ni pacha, kumbe hata hatua za nyuzi zake hazifanani. Kwenye kibamba chenye nyuzi boliti ile iliingia mizunguko michache ikakaza. Kijana akailazimisha kwa paipu, tukaita hiyo imefunga. Kichwani haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha ugumu wa chuma chake. Vyote vikakazwa gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Upande wa kulia hatukuugusa, muda ulikuwa umeisha.

Harusi ilifana. Bibi harusi alipanda gari la baba, vigelegele vikatusindikiza hadi Pangani, na gari halikulia hata kidogo. Nilimdharau yule mzee moyoni mwangu. Hiyo ndiyo hatari ya kazi mbovu ya chini ya gari: haikuumbui siku ileile. Inakuacha ujisifu kwanza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa narudi kutoka Pangani, mpwa wangu kakaa kushoto kwangu, nyuma tumepakia magunia ya nazi. Karibu na Kigombe tulivuka shimo la kawaida, mfano wa mengine mia tuliyokwishayavuka. Nikasikia mlio kama wa ubao mkavu ukivunjwa gotini. Mkia wa gari ukavutwa kushoto wenyewe. Nikageuza usukani na gari halikunisikiliza. Ubavu wa kushoto ukagota mnazi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekaidi la mkuu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Mpwa wangu alipokuwa amelazwa, nilirudi kwa yule mzee. Nilitegemea anisute. Hakunisuta. Alikuja mpaka lilipovutwa gari, akainama, akaniita nione. Bamba kuu la springi ya kushoto lilikuwa limekatika kwenye shingo ya sikio la mbele. Halikupinda wala kuvutika. Lilikatika kama sahani ya udongo. Sehemu moja ya mkato ilikuwa nyeusi yenye kutu, maana yake ufa ulianza siku nyingi. Sehemu iliyobaki iling'aa, ndiyo iliyoachia siku ile. Sikio la mbele ndilo linaloishikilia ekseli mahali pake. Likikatika, ekseli hurudi nyuma upande mmoja, na magurudumu ya nyuma huanza kuliongoza gari yanakotaka yenyewe.

"Chuma cha springi si chuma cha dirisha," alisema. "Ugumu wake na unyumbufu wake vimewekwa kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikipasha mpaka kikawa chekundu umefuta kazi yote ile. Ukikimwagia maji umekifanya kioo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo nimelifanya jina la kisa hiki: "Kwenye kazi hii, mwanangu, lazima kitu kitolewe kafara. Boliti ife, springi ipone. Wewe umeitoa springi."

Upande wa kulia ulikuwa bado na boliti zake za zamani. Mzee alinitaka nikae naye siku zote nne aufanye mbele ya macho yangu. Nilikaa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siku ya kwanza hakushika spana kabisa. Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua gari, akaiweka chasisi juu ya stendi imara, kisha akaweka jeki peke yake chini ya ekseli. Akaipandisha na kuishusha kidogo kidogo huku akiitazama shakeli, mpaka springi ikawa haivuti wala haisukumi. Boliti iliyobanwa na uzito wa gari haitoki hata kama haina kutu. Kisha akasugua kila ncha kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zikaonekana, akapaka mafuta mepesi ya kulegeza kutu, akagonga vichwa vya boliti kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, akaondoka. Jioni akarudia. Siku ya pili asubuhi na jioni akarudia tena. Yale mapigo hayakuwa ya kuitoa boliti. Yalikuwa ya kuipasua kutu nyufa ndogondogo ili mafuta yapate njia.

Siku ya tatu alichukua soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili aliiweka kando, kwa sababu hushika nati kwenye kona tu na kuiviringa. Alifungua nati za ulinzi kwanza. Kisha, jambo lililonishangaza, akaanza kwa kuikaza boliti, kidogo mno, ndipo akailegeza. Kaza kidogo, legeza kidogo, mafuta tena. Kutu huachia kwa kuchezewa huku na huku mapema kuliko kuvutwa upande mmoja. Boliti mbili za shakeli zikatoka hivyo, nzima, bila kelele.

Ya tatu, ile ya sikio la mbele, ilizunguka kidogo ikarudi. Akajaribu mara ya pili, ikarudi vilevile. Hapo akaweka spana chini. Hakukasirika, wala hakutafuta paipu. Alichukua msumeno wa chuma wenye ubapa mpya, akaupenyeza kwenye mwanya ulio kati ya sikio na bamba la chasisi, akakata boliti upande mmoja, akahamia upande wa pili akakata tena. Ilimchukua asubuhi nzima. Springi ikashuka ikiwa na kipande cha boliti ndani ya bushi yake, na chasisi haikupata hata mkwaruzo. Boliti ilikufa, bushi ikafa nayo, na vyote viwili tulikuwa tumeshavinunulia warithi.

Siku ya nne ilikuwa ya bushi na kufunga. Bushi za masikio alizitoa kwa kuzivuta na boliti ndefu iliyopita ndani ya kipande cha paipu. Ile iliyokaa kwenye mrija wa chasisi ilikataa. Akatoboa mpira kwa drili, akautoa na mrija wa ndani, kisha akapitisha ubapa wa msumeno ndani ya mrija wa nje na kuuchana mfereji mmoja, akisimama kila mara kupapasa kwa kidole asije akaifikia chasisi. Mfereji ulipokaribia kuisha akaukunja mrija kwa ndani kwa tindo, ukalegea ukatoka kwa mkono.

Nilimuuliza kuhusu moto. Hakuukataza moto moja kwa moja. Alisema nati iliyogoma ukiipasha yenyewe kwa muda mfupi hutanuka kabla ya boliti iliyo ndani yake, nayo huachia. Lakini nati hiyo na boliti hiyo haviwi tena vya kurudishwa, kwa kuwa moto umevinyang'anya ugumu. Na moto haukaribii springi, wala mpira, wala bomba la breki, wala tangi. Kama boliti imekatikia ndani na imebaki kisiki, fundi hodari wa kuchomelea anaweza kukivisha nati na kuichomelea juu yake. Joto linalegeza kutu, na nati inakuwa kichwa kipya cha kushikia. Kama kisiki kimo ndani ya kibamba cha shakeli, alisema, usijisumbue. Nunua kibamba.

Boliti mpya zilikuwa za kipimo cha inchi, na vichwani zilikuwa na mistari mitatu, alama ya chuma kigumu cha daraja la 5. Boliti za milimita nazo huandikwa, 8.8 au 10.9; isiyo na alama yoyote usiipe roho yako ikushikie. Mwili wa kila boliti aliupaka grisi ya shaba, akiilinda isiguse mpira, maana mpira hauipendi grisi. Nati zilikuwa mpya. Boliti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli nazo zilikuwa mpya; za zamani zilishavutika, hazirudiwi.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wengi hawalijui. Boliti zote za bushi alizifunga kwa mkono tu. Akashusha gari likasimama kwa magurudumu yake, akalitikisa mara kadhaa likakaa sawa na uzito wake, na hapo ndipo alipozikaza kabisa. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unashikwa ukiwa katika hali ile. Gari likishushwa, mpira unajinyonga, na unabaki umenyongwa mchana na usiku mpaka upasuke. Ndivyo tulivyozifanya bushi za kushoto. Baada ya kilomita mia chache alinitaka nirudi akazipime tena.

Hesabu ya siku zile nne ilikuwa bushi, boliti zake, ubapa wa msumeno na ujira wa mzee. Hesabu ya dakika ishirini ilikuwa springi, ubavu wa gari, miezi ya hospitali, na mguu ambao hautarudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye Land Rover ya baba, mwenye Land Cruiser FJ40 ya babu, au mwenye gari lolote la springi za mabamba lililokunywa maji ya bahari, nakuomba haya. Ukishabeba samaki, osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile. Kila mwaka, kabla ya masika, legeza boliti za springi moja baada ya nyingine, zipake grisi, uzirudishe. Boliti inayofunguliwa kila mwaka haifungi ndoa na bushi. Fundi mzee akikuomba siku nne, mpe tano. Na ukijikuta chini ya gari, boliti imegoma na hasira imekupanda, weka nyundo chini ujiulize ni kipi kinachonunulika dukani kesho asubuhi na kipi hakinunuliki. Kinachonunulika ndicho cha kukata.

Boliti ife. Springi ipone, na wote waliopanda gari lako wafike.